Aliyeuguza Akifiwa: Mwongozo Kamili wa Kutambua na Kufuatilia Majonzi Yanayokwama

Makosa ni yale yale kila msiba. Mhudumu wa jamii au ndugu humtazama anayelia kuliko wote, humzunguka wiki mbili, kisha arobaini ikipita kila mtu anarudi kwake. Yule aliyekuwa kimya jikoni, akihesabu sahani na kurudisha sufuria za watu, haulizwi kitu. Mwezi wa saba tangu kifo ndipo jirani anasema, "Yule mama siku hizi simwelewi."

Kilio cha msibani si kipimo. Yanayotabiri majonzi yatakayokwama, yaani yasiyopungua kwa miezi na kumzuia mtu kurudi kwenye maisha yake, ni mambo matatu: hali ya muuguzaji kabla ya kifo, namna kifo kilivyotokea, na maisha aliyoachiwa. Ndiyo maana kazi hii inaanza mgonjwa angali hai na kwenda mpaka mwezi wa 13 baada ya kifo.

Mwongozo huu ni wa wahudumu wa afya ya jamii, manesi wa tiba shufaa (huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya mwenye ugonjwa usiopona), viongozi wa jumuiya na misikiti, na ndugu yeyote aliyeamua kuibeba kazi hii. Muuguzaji hapa ni mwanafamilia aliyemhudumia mgonjwa nyumbani au wodini.

## Vitu vya kuwa navyo

- Kaunta buku moja, kurasa mbili kwa kila familia.
- Kalenda, ya ukutani au ya simu, ya kuwekea tarehe za kurudi.
- Simu yenye salio na namba mbili: ya muuguzaji, na ya mtu mmoja anayemwamini.
- Dodoso la PHQ-9 la Kiswahili (maswali 9 ya kupima sonona) na fomu ya rufaa ya kituo chako.
- Mawasiliano ya watu watatu: mtaalamu wa afya ya akili wa wilaya au kaunti yako, msaidizi wa kisheria, na kiongozi wa dini anayesikilizwa na familia hiyo.
- Dakika 45 kwa kila ziara. Ukiwa na 10 tu, ahirisha.

Jua pia kiasi cha kazi. Katika watu wazima wanaofiwa kwa vifo visivyo vya kikatili, takriban 1 kati ya 10 ndiye majonzi yake hukwama. Kwa wauguzaji idadi inaweza kupanda: kundi moja la Wamarekani waliouguza ndugu waliopoteza kumbukumbu uzeeni lilifika 1 kati ya 5. Waliobaki huinuka kwa msaada wa ndugu, ibada na muda. Kumpeleka kila mfiwa kwa mshauri nasaha ni kumaliza nguvu zako kwa wasiohitaji na kumkosa anayehitaji.

## Hatua ya 1: Kaa na muuguzaji mgonjwa angali hai

Fanya hivi wiki ambayo mgonjwa ameanza kushinda kitandani au ameanzishiwa mofini (dawa kali ya maumivu). Mtoe muuguzaji nje, popote mgonjwa asiposikia. Mbele ya mgonjwa kila muuguzaji hujibu "tunaendelea vizuri."

Unawahi kwa sababu mbili. Baada ya kifo atakueleza mambo yote kupitia huzuni na majuto, hutajua kipi kilikuwapo tangu mwanzo. Na sasa hivi bado kuna vitu vinavyobadilika: zamu za usiku, maumivu ya mgonjwa, maneno ambayo hawajaambiana.

Uliza na uandike:

- Ni nani kwa mgonjwa? Mke, mume, na mzazi anayeuguza mtoto wake wako juu kwa hatari.
- Amewahi kuugua sonona au wasiwasi mkali, au anao sasa? Jibu la ndiyo hapa lina uzito mkubwa.
- Amezika nani miaka ya karibuni? Alifiwa na mzazi akiwa mdogo?
- Anaamka mara ngapi usiku? Nani humpokea? Ameacha kazi, shamba au genge?
- "Daktari aliwaambia nini mara ya mwisho?" Usimuulize kama anajua mgonjwa anakufa. Swali la daktari litakuonyesha anachojua na anachokikwepa.
- Familia imegawanyika? Kuna shutuma za uchawi, ugomvi wa ardhi, mke mwingine, ndoa ambayo ukoo haukuitambua?
- Deni la matibabu ni kiasi gani na ni la nani?

Swali la ndoa isiyotambuliwa usiliruke. Mwenza ambaye hakutolewa mahari anaweza kuuguza miaka miwili, na siku ya mazishi akawekwa nyuma ya umati kama mpita njia. Vivyo hivyo anayeuguza mtu wa virusi vya UKIMWI huku familia nzima ikisema ni "homa ya mapafu." Majonzi yasiyoruhusiwa kusemwa hadharani ndiyo yanayokwama kirahisi.

Tahadhari nyingine huwapita hata wazoefu: muuguzaji mchangamfu, anayesema kuuguza kumempa maana ya maisha. Katika wale wauguzaji wa Marekani, walioona mazuri mengi katika kuuguza walikuwa na majonzi mazito zaidi baadaye. Siku ya kifo wanapoteza mtu na kazi kwa pamoja. Usimfute kwenye orodha kwa sababu anatabasamu.

Umefanikiwa ikiwa: unaondoka na majibu yote, na umeshamwambia utarudi hata baada ya mgonjwa kutokuwepo.

## Hatua ya 2: Andika kinga zake upande wa pili

Watu hujaza hatari tu, kisha wanashindwa kumsaidia kwa sababu hawajui ashike wapi. Kinga zenye nguvu ni hizi: msaada ambao mwenyewe anauhisi, kujiandaa kwa kifo, kuwa na mapumziko katika kuuguza, imani inayomtuliza, na kuwa na shughuli au wajibu mwingine nje ya chumba cha mgonjwa.

Neno "anauhisi" ndilo la kuzingatia. Umati wa watu 300 msibani si kinga. Uliza hivi: "Saa nane ya usiku usingizi ukikataa, unampigia nani?" Akitaja jina papo hapo, liandike pamoja na namba. Akianza kufikiria, hatari yake imepanda hata kama ana dada sita.

Imani nayo ipime kwa makini. Anayesema "Mungu amepanga" huku akilala usiku ana kinga. Anayesema ugonjwa ni adhabu ya dhambi yake anahitaji shehe au mchungaji mwenye busara mapema, kabla wazo hilo halijaota mizizi.

## Hatua ya 3: Mpange kwenye kundi

Utaratibu huu ni wa kugawa muda wako, si wa kutoa jina la ugonjwa.

Kundi A: hatari 0 au 1 kati ya ulizoandika Hatua ya 1, na ana mtu wa saa nane ya usiku. Mpigie wiki ya 6, kisha mtembelee mwezi wa 6.

Kundi B: hatari 2 au 3. Mtembelee wiki ya 2, wiki ya 6, mwezi wa 3, wa 6 na wa 12.

Kundi C: hatari 4 au zaidi, au ana sonona sasa, au ni mzazi aliyeuguza mtoto, au hana mtu kabisa. Ratiba ni ya kundi B, pamoja na simu kila wiki 2 kwa miezi mitatu ya kwanza, na mtaalamu wa afya ya akili ajulishwe mapema.

Wiki na miezi huhesabiwa tangu kifo, kwa hiyo weka tarehe kwenye kalenda siku hiyo ya kifo. Baadaye mtu hubadilishwa kundi kufuatana na namna kifo kilivyotokea, kwa hiyo andika kwa penseli.

## Hatua ya 4: Punguza hatari siku za mwisho

Mambo manne yana faida hapa.

Kwanza, maumivu ya mgonjwa yadhibitiwe. Kumbukumbu ya mtu akilia kwa maumivu ndiyo hurudi usiku kwa miezi.

Pili, nesi au daktari aieleze familia waziwazi dalili za kukaribia kifo: pumzi zinazokatika na kurudi, koo kukoroma, miguu kupoa, kukataa chakula. Asiyejua haya huhangaika kumlisha mgonjwa kwa nguvu, kisha hujilaumu kwamba alimwacha afe njaa.

Tatu, mahali pa kufia pajadiliwe. Utafiti wa Marekani kwa familia za wagonjwa wa saratani, uliochapishwa 2010, ulikuta majonzi ya muda mrefu kwa takriban 22 kati ya 100 pale mgonjwa alipofia hospitalini, na takriban 5 kati ya 100 pale alipofia nyumbani akiwa chini ya tiba shufaa. Soma vizuri: nyumbani *pakiwa na tiba shufaa*. Kufia nyumbani bila mofini na bila nesi wa kupigiwa simu hakuna nafuu hiyo.

Nne, waambiane ya kuambiana: asante, nisamehe, nimekusamehe, watoto nitawaangalia. Usiwasimamie wala kuwaandikia maneno. Wafungulie nafasi, toka nje.

## Hatua ya 5: Kuanzia kifo hadi arobaini, fanya kazi za mikono

Wiki hizi si za ushauri nasaha. Kumkalisha mfiwa wiki ya kwanza asimulie kifo hatua kwa hatua hakumkingi, na huweza kumuumiza zaidi. Kulia, kutolia, kuota marehemu, kusikia sauti yake sebuleni, kukosa hamu ya kula: vyote ni vya kawaida kipindi hiki.

Unachofanya ni hiki:

Chukua dawa zilizobaki. Chupa ya mofini, vidonge vya usingizi na vya maumivu virudi kituoni ndani ya siku chache baada ya mazishi. Ni hatari kwa mwenye kukata tamaa na kwa watoto. Hakikisha pia hapewi valium na jirani mwenye huruma. Wiki chache zinatosha kumfanya ashindwe kulala bila kidonge.

Ulizia dozi ya mwisho. Hili halimo kwenye fomu nyingi na linatesa wauguzaji wengi. Aliyempa marehemu mofini dakika 40 kabla ya kukata roho huamini yeye ndiye aliyemuua, na hatamwambia mtu. Muulize kwa upole: "Dada, siku ile dawa ya mwisho alipewa na nani?" Akisema ni yeye, mlete nesi aliyekuwa akimhudumia mgonjwa, afungue kadi ya dawa, amwonyeshe kwamba kipimo kilikuwa kile kile cha jana na juzi, na kwamba ugonjwa ndio uliomaliza mwili. Maelezo ya nesi yana uzito ambao "usijilaumu" ya ndugu kumi haina.

Ulizia pia kama alikuwepo. Wengi hutoka kwenda kuoga au kununua mkate, wakirudi mgonjwa ameshaondoka. Andika, maana utalikuta tena mwezi wa 3.

Mrudishe kwenye afya yake. Wauguzaji huruka kliniki zao za presha, sukari na dawa za ARV kwa miezi. Pata tarehe ya kliniki, msindikize mara ya kwanza.

Karatasi. Kibali cha mazishi, cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo wa kupendekeza msimamizi wa mirathi (Tanzania) au barua ya chifu (Kenya), mafao ya NSSF kama marehemu alichangia. Mjane anayefukuzwa nyumbani mwezi wa pili hana nafasi ya kuomboleza. Ukisikia mashemeji wameanza kupima shamba, mpigie msaidizi wa kisheria siku hiyo hiyo na umhamishie kundi C.

Kwa mjane aliye edani, miezi minne na siku kumi, mfuate nyumbani, na aende mhudumu wa kike. Eda haimzuii kwenda hospitali akiwa na haja. Akisita, mwombe shehe wake amweleze.

Mwambie pia jambo ambalo hakuna anayemwambia: kupumua baada ya miezi ya kuuguza si dhambi. Katika utafiti uliochapishwa 2003 wa wauguzaji 217 wa wagonjwa waliopoteza kumbukumbu, 72 kati ya 100 walisema kifo kiliwapa nafuu wao wenyewe. Nafuu na huzuni hukaa nyumba moja.

Umefanikiwa ikiwa: dawa zimetoka nyumbani, karatasi zimeanza kushughulikiwa, na anakula angalau mlo mmoja na mtu mwingine kila siku.

## Hatua ya 6: Wiki ya 6 hadi mwezi wa 5, rudi wengine wakiwa wameondoka

Kipindi hiki ndicho kinachoachwa wazi. Wageni wamekwisha, michango imekwisha, na alamu ya simu ya dawa za saa kumi na mbili bado inalia.

Usitegemee ujumbe mfupi wa pole. Vyumba 22 vya wagonjwa mahututi vya Ufaransa vilipotuma barua ya rambirambi kwa familia za waliofia humo, waliopokea barua hawakupata nafuu. Baada ya miezi 6 walikuwa na dalili nyingi zaidi za sonona na za kiwewe kuliko ambao hawakuandikiwa. Barua ilifungua kidonda, na hakukuwa na mtu wa kukaa nao.

Katika ziara, angalia kama anapishana pande mbili: siku nyingine analia, anatazama picha, anakwenda kaburini, siku nyingine anaenda sokoni, anafuatilia ada ya mtoto, anacheka. Kupishana huko ndiyo afya. Anayelia kila siku bila kugusa maisha amekwama. Anayechapa kazi kuanzia alfajiri, hataki jina la marehemu litajwe, na chumba kimefungwa kwa kufuli, naye amekwama, ila huyu husifiwa kuwa "amejikaza."

Msaidie kujaza saa zilizokuwa za mgonjwa. Chukua ratiba ya siku yake ya kuuguza, tafuta saa mbili zilizo ngumu kuliko zote (mara nyingi ni usiku na saa ya kuogesha), weka kitu kimoja katika kila saa: mazoezi ya kwaya, kikao cha vikoba au chama, kumpeleka mjukuu shule. Anza na kimoja tu.

Nguo na vitu vya marehemu visigawiwe kwa haraka wala asizuiwe kuvigawa. Kama mila ya ukoo ina siku yake, mwombe msimamizi amwachie achague kitu kimoja kabla.

## Hatua ya 7: Mwezi wa 6, pima

Kwa nini mwezi wa 6? Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, ICD-11, ulioanza kutumika Januari 2022, unataka majonzi yawe yamedumu angalau miezi 6 na yamezidi kiasi kinachotarajiwa katika mila na dini ya mhusika. Mwongozo wa Wamarekani, DSM-5-TR wa mwaka huo huo, unataka miezi 12 kwa watu wazima. Ukipima mwezi wa pili utawapata wagonjwa wengi ambao si wagonjwa.

Kwanza tafuta msingi: karibu kila siku anamtamani marehemu kwa uchungu mkali, au mawazo yake yote yako kwa marehemu. Kisha uliza kuhusu mwezi uliopita:

1. Unahisi sehemu yako nawe imekufa?
2. Bado huamini kwamba ameondoka?
3. Unakwepa watu, njia au vitu vinavyokukumbusha kwamba hayupo?
4. Uchungu, hasira au lawama bado ni kali kama mwanzo?
5. Umeshindwa kurudi kwa watu, kazini au kwenye mipango yako?
6. Umekufa ganzi moyoni?
7. Maisha hayana maana bila yeye?
8. Uko mpweke hata ukiwa na watu?

DSM-5-TR inataka 3 au zaidi kati ya haya 8, tena yawe yamevuruga maisha. Wewe hutoi jina la ugonjwa. Ukiona msingi pamoja na matatu, unapeleka mbele.

Fanya PHQ-9 siku hiyo hiyo. Mwenye sonona hupoteza hamu ya kila kitu. Aliyekwama kwenye majonzi ana hamu ya kitu kimoja, marehemu. Wengine wana vyote viwili.

Swali la 9 la PHQ-9 usilimung'unye. Uliza: "Kuna wakati umefikiria kujiua ili umfuate?" Kuuliza hakumpi mtu wazo. Wengi huficha kwa aibu au hofu ya polisi, kwa hiyo uliza mkiwa wawili tu. Akikubali na ana mpango, usimwache peke yake: toa nyumbani dawa za kuulia wadudu, kamba na vidonge, mwite yule mtu wa saa nane ya usiku, mpeleke hospitali leo hii.

## Hatua ya 8: Rufaa yenye maana

Andika kwenye fomu: tarehe ya kifo, uhusiano, muda aliouguza, majibu ya maswali 8, alama za PHQ-9. "Ana stresi" si rufaa.

Tiba ipo. Ile iliyotengenezwa na Katherine Shear wa Chuo Kikuu cha Columbia huchukua takriban vikao 16. Katika jaribio la 2005, asilimia 51 ya walioipata walipata nafuu kubwa, dhidi ya 28 ya tiba ya kawaida ya mazungumzo. Jaribio la 2016 lilionyesha kwamba dawa ya sonona ya citalopram haikuyaondoa majonzi yenyewe, ingawa ilisaidia dalili za sonona kwa waliokuwa pia kwenye tiba hiyo. Kwa hiyo mfiwa akirudi na vidonge tu, kazi haijaisha.

Uliza kwanza kwenye vituo vya tiba shufaa kama Nairobi Hospice, Ocean Road Dar es Salaam au Hospice Africa Uganda, kwa kuwa kuwahudumia wafiwa ni sehemu ya tiba shufaa. Na usikate tamaa pasipo na mwanasaikolojia: Moshi na Bungoma, washauri wasio wataalamu walifunzwa kuendesha vikundi vya tiba kwa watoto yatima, na matokeo yaliyochapishwa 2020 yalikuwa mazuri katika sehemu nyingi zilizojaribiwa.

## Hatua ya 9: Mwezi wa 12 na wa 13

Piga simu wiki moja kabla ya mwaka. Khitma, misa ya kumbukumbu, kujengea kaburi: vyote huamsha uchungu kwa siku kadhaa, hata kwa aliyekuwa anaendelea vizuri. Rudia maswali 8 mwezi wa 13, vumbi la kumbukumbu likishatulia.

Majibu yakiwa chini ya 3 na amerudi kwenye shughuli, funga ukurasa, mwachie namba yako.

## Yanayokwamisha kazi hii

"Hataki kuonana nami." Usidai mazungumzo. Nenda na shughuli: kupima presha, kufuatilia cheti. Ataongea mkiwa njiani.

Shemeji anajibu maswali yote. Mpe kazi nyingine, mfano kutafuta nakala ya kitambulisho cha marehemu, ubaki na muuguzaji.

Muuguzaji ni mwanaume. Mara nyingi hatalia, atakunywa. Uliza pombe kwa kiasi na siku: chupa ngapi, mara ngapi kwa wiki, zimeongezeka tangu lini.

Muuguzaji ni mtoto wa miaka 14. Yuko kwenye kaya nyingi na hayupo kwenye fomu yoyote. Mfungulie kurasa zake mbili, kundi C, na uende kuongea na mwalimu wake wa darasa kabla muhula haujafungwa.